Majibu Niliyoyageuza Mbele ya Daktari

Dahabo, mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, pale penye lori, mbele ya watu, pamoja na dua zote zinazostahili. Humu naziruka. Najijua: nikianza na salamu nitazungukazunguka kwenye heri na afya mpaka karatasi iishe, na jambo lenyewe libaki tumboni.

Ni alasiri. Nimekaa barazani mwa ofisi. Karani amekwenda kuswali na mashine yake ya chapa imenyamaza. Nimeshachana barua mbili. Ya kwanza ilikuwa tamu mno. Ya pili ilijaa mawaidha, na wewe hukuzoea mawaidha kutoka kwangu, ungejua mara moja kwamba kuna kitu nakificha. Hii ya tatu sitaichana hata ikitoka mbaya.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu bado hatujakubaliana namna ya kukiandika, na Kiarabu chako ni cha msahafu tu. Kiswahili ulikiokota mwenyewe kwa watoto wa askari kule laini, kwenye nyumba zao, na herufi nilikufundisha mimi nyuma ya karatasi kuukuu za ofisi. Watu walinicheka, wakasema mkalimani amekosa mtoto wa kiume hata anamsomesha binti. Waliendelea kunicheka mpaka walipoanza kukuletea barua za waume zao uwasomee.

Kuhusu safari sina la kukuambia. Eddo Halima ameshafunga kila kitu, na shangazi yako huyo akifunga mzigo hata jini haufungui. Mimi nataka kusema juu ya bingwa unayekwenda kumwona Nairobi, daktari wa uvimbe, na juu ya kile ulichokigundua kwenye titi lako Ramadhani iliyopita. Kila mtu hapa Garissa anajua kwamba nakwenda nawe, niwe mdomo wako mbele ya Mzungu. Siendi, Dahabo. Asubuhi hii nilimwomba karani afute jina langu kwenye pasi ya kutoka wilayani na aandike la Halima. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Sababu ni hii. Ndani ya bahasha utakayompa bingwa kuna uongo, na uongo huo niliusema mimi. Nitakuambia ni upi. Lakini una mkubwa wake, na nisipoanza na mkubwa hutamwelewa mdogo.

Unajua kuwa kazi yangu ndiyo iliyotulisha. Hujui ilivyo kwa ndani. Mkalimani mzee aliyenitangulia alinifundisha jambo moja: usiseme "huyu mzee anasema ameibiwa," sema "nimeibiwa." Ukisema hivyo wote wawili watakusahau, watazungumza kama hupo. Nilijifunza upesi. La pili hakunifundisha mtu. Niligundua kwamba maneno yakipita mdomoni mwangu naweza kuyapoza kidogo kabla hayajafika upande wa pili, na hakuna atakayejua.

Wakati mmoja Disii mmoja kijana, mkuu wa wilaya, aliudhika, akaniagiza nimwambie mzee wa kisima fulani kwamba ni mwongo na mwizi wa maji. Nikamwambia mzee, Bwana anakuomba ulifikirie upya jambo hili. Mzee akajibu kwamba mtoto huyu asiye na ndevu hana adabu, na kama si bunduki za askari wake angemfundisha. Nikamwambia Disii, mzee anasema atalifikiria. Wakapeana mikono! Watu wa kisima kile wakachinja mbuzi, nami nikapewa paja. Tangu siku hiyo nikaitwa mwenye ulimi mtamu. Wazee wakija ofisini wakinikosa huondoka, wakasema watarudi nikiwepo. Nikavimba kichwa. Nilidhani Mungu ameniumba nilainishe maneno ya watu, na kusema kweli sikuona ubaya wake, kwa sababu hakuna aliyekufa. Basi nikazoea.

Sasa nije kwa mama yako.

Tulikuwa tunakaa Rhamu, kabla Mtaliano hajavuka mpaka. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache tu kutoka mto Daua, na mama yako Shamsa, Mungu amrehemu, alikuwa na kishamba cha mtama kando ya maji. Kaka zake wafugaji walikuja kumtazama akilima kama watu wanaotazama ngamia anayecheza. Hakujali. Alikuwa mwanamke wa kusimama alipotaka kusimama. Kiswahili alijua cha dukani tu, lakini hicho alikijua barabara. Nilikuwa napenda kumsindikiza kwa yule Mwarabu muuza nguo, nione vita. Mwarabu anapima kitambaa kwa mkono wake, mama yako amekunja shali begani, anasema kwa ulimi wetu wa Kisomali usio na p, "Hii fubi. Bima tena." Mwarabu anapima tena. "Bado fubi." Alijua namba zote, alijua siku na miezi na miaka, maana Mwarabu alikuwa hodari wa kuahidi vitu vitakavyokuja mwezi ujao, na mama yako alikuwa hodari wa kumkumbusha.

Jioni moja akifukiza vyombo vya maziwa aliniambia, bila kunitazama, kwamba ana kitu kigumu kwenye titi. Ndiyo, nimeliandika neno hilo. Ni mara yangu ya kwanza kuliandika, hapo juu kwako na hapa kwa mama yako, na masikio yananiwaka. Kwetu mwanamume hautaji mwili wa mkewe hata mbele ya ndugu yake wa damu. Nikamwuliza, tangu lini? Akasema, tangu nimwachishe Dahabo ziwa.

Miaka mitatu. Alikuwa amekificha miaka mitatu ndani ya nyumba ya mikeka, nyumba ambayo mtu hawezi kuficha hata kikohozi. Bibi mmoja alikuwa amemchoma mahali pale kwa chuma cha moto, mara tatu, dawa yetu ya kila kitu. Na mimi, mtu niliyeajiriwa kusikia maneno ya watu, sikuwa nimesikia lolote.

Mwezi uliofuata daktari wa serikali akafika kwa lori, akapiga hema karibu na mto. Alikuwa mtu mzima, mwenye haraka, anazungumza Kiswahili cha kuvunjika. Nikampeleka mama yako. Pakafungwa shuka katikati ya hema. Upande mmoja daktari, mama yako na bibi mmoja wa kumsitiri, upande wa pili mimi nimesimama natazama kitambaa. Maneno yakawa yanapita juu ya shuka.

Daktari akauliza uvimbe una muda gani. Mama yako akajibu kwa Kisomali, kwa sauti ya wazi kabisa, miaka mitatu, tangu nimwachishe mtoto. Jibu likanifikia, na hapo nikaona litakavyosikika. Mkalimani wa serikali, mtu wa kanzu safi na kalamu mfukoni, mkewe anaugua nyumbani kwake miaka mitatu. Daktari atanionaje? Askari waliosimama nje watakwenda kusema nini?

Nikasema, "Miezi mitatu, Bwana."

Akauliza haya makovu ni ya nini. Mama yako akasema ni chuma. Nikasema aliungua na chungu.

Daktari akatoka anafuta mikono, akaniambia, "Una bahati. Ingekuwa ni miaka, leo hii ningempandisha lori langu aende Nairobi akakatwe. Miezi mitatu, na hapo palipoungua, labda ni usaha. Apake dawa hii. Nikirudi nitamtazama."

Umesoma vizuri? Lori lilikuwa pale, nyuma yake, dereva anajaza maji. Kilichotakiwa kwangu ni neno moja tu. Ningeweza kusema, Bwana, samahani, nimekosea. Wakalimani hukosea kila siku. Nikasema asante.

Njiani mama yako aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema si kitu kikubwa. Akaichukua ile dawa akaitia kwenye mfundo wa nguo yake, akatangulia njia ya nyumbani.

Daktari alirudi baada ya mwaka karibu mzima. Alipofunua akatazama, akafunika polepole, hakuuliza lolote. Hakunitazama hata mimi. Nilitamani anitukane.

Katika siku zile za mwisho, alipokuwa hawezi tena kulalia upande ule, nilikuwa nampa maji kwa kijiko. Wewe ulikuwa nje unacheza na watoto wa jirani, tunakusikia unavyobishana nao. Akasukuma kijiko, akasema, "Mimi nilisema miaka. Wewe ulisema miezi."

Nikaweka kijiko chini. Nikamwuliza kwa nini hakusema palepale, na maneno yote mawili aliyajua. Akasema, "Ningekutoaje mwongo mbele ya mgeni? Wewe ni mume wangu. Na ulimi wako ndiyo kazi yako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyonieleza kwa nini mtama wa mwaka huo ni mfupi. Yeye aliyemsimamisha Mwarabu dukani kwa ajili ya shubiri ya kitambaa, siku ile ndani ya hema alinyamaza ili mimi nisiaibike. Tulimzika upande wa juu, mbali na mto, mafuriko yasimfikie.

Sijui kama Nairobi wangemponya. Nimejificha nyuma ya maneno hayo miaka mingi: hata hivyo, pengine wasingemponya. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mwenzangu. Kifo kikamchukua yeye, nikabaki na heshima yangu nzima, na wazee wakaendelea kunisubiri barazani.

Wewe uliambiwa mama amekufa kwa homa. Ni mimi niliyeamuru hivyo. Halima anajua tangu mwanzo, nami ndiye niliyemfunga mdomo. Ulipokua na kuanza kuuliza homa gani, nilikuambia homa ya mto, ukakubali, maana Rhamu homa ilikuwa haikosekani. Nisamehe kwa hilo kwanza. Mengine utaona mwenyewe kama yanasameheka.

Nilidhani nimejifunza. Ulipomwambia Halima habari ya uvimbe wako, naye akaja kuninong'oneza, jambo la kwanza nililosema ni kwamba chuma cha moto hakitakaribia mwili wako nikiwa hai. Halima alinung'unika, lakini alitii. Nikakupeleka kwa daktari mpya hapa Garissa. Huyu hajui Kiswahili hata cha kuomba maji, anajua Kiingereza tu, kwa hiyo ikabidi nisimame tena katikati, safari hii na Kiingereza changu cha ofisini. Unakumbuka nilikuwa natoka jasho. Ulidhani ni joto.

Akauliza tangu lini, ukasema tangu Ramadhani iliyopita. Nikalifikisha jibu lako vilevile, sikupunguza hata wiki. Moyoni nikajisifu. Nikaona nimekwisha kutubu, jambo limekwisha.

Kisha akauliza swali la pili. Utakumbuka kwamba baada ya swali lile sikukugeukia, nilimjibu mwenyewe, nawe ukadhani ananiuliza mambo ya karatasi. Alikuwa anauliza hivi: mama yake, au yeyote katika wanawake wa ukoo wake, amewahi kuwa na uvimbe wa titi? Nikasema hapana. Akaandika.

Kwa nini? Nimejiuliza majuma mawili haya. Ningesema ndiyo, angeuliza mama alikufaje, alitibiwa wapi, na kwa nini hakuletwa mapema, na majibu yote hayo ningepaswa kuyatamka wewe umekaa pale kwenye kiti cha chuma unanitazama. Ulimi hauna mfupa. Ulipinda kabla sijauambia kitu.

Halafu daktari akaweka kalamu chini. Akasema anahofia ni saratani. Alisema hana hakika, na ndiyo maana anakupeleka kwa bingwa mwenye vyombo vya kupimia. Lakini anahofia, na wewe ni mtu mzima, una haki ya kujua kabla hujasafiri. Mwambie, akaniagiza. Nikakugeukia nikasema, "Anasema wanataka kutazama tu. Huko wana mashine nzuri." Ukanikazia macho muda mrefu. Daktari akauliza, ameelewa? Nikajibu, ameelewa vizuri kabisa.

Basi ndiyo hiyo. Neno lenyewe ni saratani. Limeandikwa kwenye bahasha kwa Kiingereza, pamoja na ile "hapana" yangu chini yake. Huenda siyo, tena namwomba Mungu isiwe, lakini neno alilolisema ni hilo na nilikuwa sina haki ya kulikalia.

Utauliza kwa nini sikurudi kwa daktari nimsahihishe. Nilirudi. Ila nilirudi siku niliyojua ameshaondoka kwenda upande wa Wajir, na nilijua kwa sababu taarifa ya safari yake ilipita mezani kwangu. Nikamkuta dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, peke yake, nikauliza kwa sauti kubwa, daktari yupo? Nikaambiwa hayupo. Nikarudi nyumbani nimeridhika, nikanywa chai. Nakuandikia haya ili umjue vizuri mtu anayekuandikia.

Ndiyo maana siendi nawe. Nikiingia kwenye chumba kile, bingwa atasema jambo, nami nitautazama uso wako, na kabla sijafikiri nitakuwa nimeshalipunguza. Sijui kama kubaki ni ushujaa au ni woga wa kusikia neno lake kwa masikio yangu. Nimejipima sana na naona ni vyote viwili. Halima alinijia juu asubuhi alipopewa pasi. Aliniambia, "Mtoto anakwenda kukutana na neno kama hilo, wewe unabaki kunywa chai?" Nikamweleza yote, hata yale ya hema ambayo yeye hakuwa anayajua. Alikaa kitako chini. Kisha akasema, "Mwambie kabla hajapanda gari. Usipomwambia nitamwambia mimi kabla hatujafika Mwingi." Nawe unamjua Halima.

Dresa ameniambia kwamba bingwa yule ana muuguzi anayezungumza Kiswahili safi. Zungumza na muuguzi huyo wewe mwenyewe. Kiswahili chako ni kizuri kuliko changu, hakijakaa ofisini. Watakapoifungua bahasha na kufika kwenye ile hapana, waambie si kweli. Waambie mama yangu alikufa kwa uvimbe wa titi, ulimwanza mwaka ule aliponiachisha ziwa, alichomwa kwa chuma mara tatu, alifariki baada ya miaka minne. Wakiuliza ni nani aliyesema hapana, waambie ni baba yangu, na alikuwa anajua. Usinitafutie udhuru. Usiseme amezeeka amesahau. Sijasahau hata rangi ya shuka lile.

Na usitikise kichwa, mwanangu. Sisi tumefundishwa kutikisa kichwa mbele ya mkubwa, kwa adabu, hata kama hatukuelewa kitu. Nimeona mamia ya watu wakitikisa kichwa mbele ya meza ya serikali, wakatoka nje wakaniuliza kumbe tumekubali nini. Bingwa akisema usilolielewa, mwambie sijaelewa. Akirudia na bado, mwambie tena. Achoke yeye. Mama yako alimpimisha Mwarabu kitambaa mara tatu, na kilikuwa kitambaa tu.

Kuna jambo jingine ambalo limenijia sasa hivi, nikiandika. Eddo Halima atakuwa kando yako, naye hajui Kiswahili wala Kiingereza. Bingwa akimaliza kusema, Halima atakushika mkono akuulize, amesema nini? Hapo utakuwa mkalimani wewe. Utauona uso wake, mwanamke aliyekulea, na utalihisi neno linavyotaka kulegea ulimini. Litakuwa rahisi sana. Litafanana na mapenzi, tena litakuwa ni mapenzi kweli. Siku hiyo utanielewa. Nielewe, lakini usinifuate.

Wakisema ni kukata, uamuzi ni wako. Si wangu, wala wa wajomba zako. Najua watu watakavyosema: mjane kijana, atakatwaje, nani atamwoa. Waache waje kwangu, mimi nitawajibu. Ijumaa baada ya swala nitakwenda kwa wajomba zako hao hao, kaka za mama yako, niwaambie dada yao alikufaje na mimi nilisimama wapi. Sitarajii wanikaribishe maziwa. Nilitaka niwaambie baada ya wewe kurudi, nikaona hiyo ni ratiba ya mtu yule yule anayekwenda kwa daktari siku daktari hayupo.

Pengine unajiuliza niliwezaje kukaa nawe miaka yote hii, nikakufundisha kusoma, nikakuoza, nikakuzikia mume, nikakupokea tena nyumbani, na kitu hiki kiko ndani. Jibu ni kwamba iliwezekana kwa urahisi mno. Mtu huzoea. Mchana hukikumbuki, unafanya kazi, unacheka na watu. Kilichokuwa kinanishinda ni kukuona umesimama dukani, shali begani, unabisha. Nilikuwa naondoka. Uliwahi kuniuliza kwa nini sikai nawe dukani hata mara moja, nikakuambia mwanamume hakai sokoni na wanawake. Huo nao ulikuwa uongo mdogo, lakini uhesabu.

Naogopa, Dahabo. Nimekuwa nikitafuta neno la kiume zaidi, sikulipata. Naogopa yale yale ya Rhamu, naogopa kukuona unalala upande mmoja. Naogopa pia kwamba ukishasoma barua hii hutaniita tena aabo, baba, kama ulivyoniita tangu ulipojua kusema, nami nikakuita aabo vivyo hivyo, kama tunavyowaita watoto wetu. Hofu ile ya kwanza ni kubwa kuliko hii ya pili, ndiyo maana barua imeandikika. Ingekuwa kinyume, ningeichana pamoja na zile nyingine.

Nitakupa barua hii kesho mkononi, kabla hujapanda, na nakuomba usiifungue mbele yangu. Isome mkishavuka mto. Ukitaka kushuka urudi kunikabili, usishuke. Dereva hatasubiri, na miadi yako Nairobi ina siku yake. Hasira itunze, utanikuta nayo hapa hapa, sitakuwa nimekwenda popote.

Ukitoka kwa bingwa, kabla hujala, kabla hujalala, tafuta karatasi uniandikie. Mpe dereva yeyote anayekuja Garissa, ofisini wananijua wote. Andika aliyoyasema kwa mpango alioyasema, hata kama ni mistari miwili tu. Najua utakapofika hapo utanikumbuka nilivyo, mzee, peke yangu nyumbani, na roho itakuambia, andika si kitu kikubwa, utamweleza ukirudi. Mama yako alinihurumia namna hiyo. Wewe, aabo, usinihurumie.

Baba yako,
Abdullahi